Maswali ya Mteja wa Baba

Bweni la wanafunzi, tarehe 9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, kama nilivyokwambia kwa simu, ila simu uliikata kabla sijakueleza lolote. Najua, kwako simu ni ya "umefika?" na "nimefika", mengine yote yanataka kalamu. Basi nimekaa na kalamu.

Somo langu kubwa muhula huu linaitwa sheria binafsi ya kimataifa. Usitishwe na jina. Ni kwamba watu wawili wana jambo kati yao, na jambo lenyewe limevuka mpaka. Mmoja yuko huku, mwingine yuko kule, na mkataba waliutia saini mahali pengine kabisa. Sasa sheria ya nani itumike? Mahakama ya nani isikilize? Na hukumu ikishatoka, nchi gani nyingine italazimika kuitambua? Maswali ni hayo tu, Baba, na watu wamezeeka wakiyajibu.

Tumeanza na usuluhishi wa kibiashara, na nimeupenda mpaka mwenzangu wa chumba ananicheka. Kampuni mbili zikigombana hazilazimiki kukimbilia mahakamani. Zinaweza kumchagua msuluhishi zenyewe, zikachagua na mji wa kukaa, lugha ya kuzungumza na sheria ya kufuata. Wiki ijayo tuna mashindano ya kesi ya kuigiza. Mimi nawatetea wauza majokofu. Majokofu yao yamefika bandarini hayawezi kupoza hata maji ya kunywa, na kazi yangu ni kuonyesha kwamba kosa ni la wasafirishaji. Mwenzangu ameniazima koti lake. Mikono imenizidi, lakini nikiikunja nafanana na mtu mzito.

Mwalimu wetu tumempa jina la Bi Kifungu. Ukisema jambo lolote, hata kwamba mvua inanyesha, anauliza, "Kwa mujibu wa kifungu gani?"

Baadaye tutaingia kwenye mambo ya familia: ndoa, talaka, mirathi ya watu wenye nchi mbili. Huko sina hamu nako. Nitapita nimefumba macho. Mimi nataka meli na majokofu.

Duka linaendaje? Unakula? Usinijibu "nakula" peke yake.

Mwanao,
Wakili wa koti la kuazima

*

Dukani, tarehe 27 Februari

Wakili wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma hapa dukani katikati ya wateja, nikaisoma tena nyumbani kwa utulivu. Hayo ya watu kujichagulia msuluhishi yamenifurahisha. Mimi na marehemu mama yako tulikuwa na utaratibu huohuo bila kuusomea. Tukigombana, tulimchagua yeye awe msuluhishi. Kikao kilikuwa jikoni. Sikumbuki kushinda hata mara moja, na sikuwahi kukata rufaa.

Duka linakwenda. Kuna kazi moja imenitoa jasho na lazima nikusimulie. Alikuja mwalimu wa kuogelea wa bwawa la manispaa, mama mmoja wa makamo aliyehamia hapa kutoka nje. Aliniuliza kama naweza kumtengenezea miwani ya kuvaa majini yenye lenzi za macho yake, kwa sababu akivua miwani ili aingie kwenye maji, wanafunzi wa upande wa pili anawaona kama mataulo yaliyoanikwa. Nikamwambia hakuna fundi anayefanya kazi hiyo hapa. Akasema, basi wewe utakuwa wa kwanza. Nikachukua rula nikampima uso.

Lenzi mbili zimepasuka mkononi mwangu nikizikata kwa umbo lile. Baadaye zikakubali. Ilibidi niende bwawani kuhakikisha miwani haivuji. Nikaenda. Haikuvuja. Ilibidi niende tena kuhakikisha.

Nakula. Siku hizi nakula nimekaa mezani, si kusimama karibu na sinki kama ulivyonikuta likizo iliyopita.

Baba yako,
fundi miwani

*

Bweni la wanafunzi, tarehe 15 Machi

Baba,

Shikamoo. Tumeshinda. Majokofu yameonekana hayana hatia. Wasuluhishi wa kuigiza walikaa nusu siku wakinibana kuhusu mji wa kikao, nikawajibu mpaka koti likalowa mgongoni. Mwenzangu amesema nisimrudishie tena.

Nimefurahi kuhusu hiyo miwani ya majini. Lakini Baba, mtu anahakikisha mara ngapi kwamba kitu hakivuji?

Mambo ya familia yameanza, na Bi Kifungu ametuletea kazi ngumu. Anataka kila mmoja wetu aandike ushauri wa kisheria juu ya tatizo la mtu halisi, si la kwenye kitabu. Wenzangu wana shangazi na wajomba waliotapakaa dunia nzima. Mimi nina wewe, na wewe hujavuka hata daraja la mtoni. Miongoni mwa wateja wako hayuko mwenye jambo la ndoa au talaka lililochanganya nchi? Jina lake silihitaji. Muulize kwa upole, mwambie ni kwa ajili ya masomo, na ushauri ni wa bure.

Wakili mwenye koti lake sasa

*

Dukani, tarehe 2 Aprili

Wakili wangu,

Marahaba na hongera. Nimewaambia wateja wote habari za majokofu, pamoja na wale waliokuja kukaza skrubu tu.

Kuhusu ombi lako, imetokea kwamba ninaye mteja wa namna hiyo. Ni mwanamume, mtu wa makamo, ameishi peke yake muda mrefu. Ni mtu wa heshima, nadhani. Nywele zimeanza kumkimbia, lakini si sana.

Huyu mteja amefahamiana na mwanamke mmoja. Kazi yake sikuuliza. Mama huyo alizaliwa katika nchi moja ya kusini, akaolewa hukohuko, na ndoa ikaandikishwa huko. Baadaye yeye na mumewe walikwenda katika nchi nyingine ya pili. Huko wakaachana, na mahakama ya hiyo nchi ya pili ikatoa talaka. Mambo hayo ni ya zamani. Kisha yule mama akahamia hapa kwetu.

Sasa mteja na mama huyo wamekubaliana waoane. Wakaenda kwa msajili wa ndoa, wamevaa vizuri. Msajili akatazama karatasi, akasema kwamba kwenye vitabu vya ile nchi ya kusini mama bado ni mke wa mtu, na talaka ya nchi nyingine yeye haijui. Akawarudishia karatasi zao. Mteja ananiambia alitembea mpaka nyumbani bila kuiona njia.

Anachouliza ni hiki: kuna mlango wowote, au umefungwa kabisa? Andika unavyoona, wala usimwonee haya. Ni mtu wa kupokea ukweli.

Nimeanza mazoezi kidogo ya viungo. Daktari alinishauri.

Baba yako

*

Bweni la wanafunzi, tarehe 20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mteja wako ni zawadi. Wenzangu wote wananionea wivu. Nchi tatu katika ndoa moja! Nakala ya ushauri wangu nimemkabidhi Bi Kifungu jana, kwa hiyo mpe mteja muhtasari huu.

Hali ya yule mama ina jina. Wataalamu huiita ndoa inayochechemea: mguu mmoja umesimama, mwingine umekaa. Katika nchi ya pili ni mtu huru, lakini katika nchi aliyoolewa ndoa bado i hai. Akitaka kuolewa hapa, itambidi arudi kusini akafungue shauri upya, na mashauri ya namna hiyo hukokotwa miaka na miaka. Kwa hiyo mlango umefungwa, au uko mbali kiasi kwamba ni sawa na kufungwa.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Nikizungumza kama binadamu, ningemshauri ajiepushe. Mtu mzima mwenye maisha yaliyotulia ana haja gani ya kujitumbukiza kwenye mashauri ya nchi tatu? Tena mwanamke anayehama na karatasi zake kutoka nchi hadi nchi, huenda ana mengi hajayasema. Kama shida ni upweke, mwambie afuge ndege.

Nadhani nimeandika vizuri. Mwenzangu wa chumba anasema nimeandika kama hakimu.

Hayo mazoezi ni ya namna gani? Usije ukavunjika kiuno.

Wakili

*

Dukani, tarehe 8 Mei

Wakili wangu,

Marahaba. Ushauri umefika na nimeufikisha. Mteja anashukuru sana. Anasema umepangwa vizuri na mwandiko unasomeka.

Ameamua kuliacha jambo lenyewe. Hataki kumtia mtu yeyote katika matatizo, wala kumwaibisha mtu aliyesoma. Anasema nyumba imekuwa kubwa mno tangu mama yako alipoondoka, lakini atazoea, mbona mengine aliyazoea. Kuhusu ndege, atafikiria.

Bwawani siendi tena. Miwani ile haivuji.

Jitunze, usome. Mvua huku zimepungua.

Baba yako

*

Bweni la wanafunzi, tarehe 24 Mei

Baba yangu,

Shikamoo.

Barua yako niliipokea nikiwa na haraka, nikaipitisha macho nimesimama mlangoni. Kisha nikamsomea mwenzangu wa chumba kwa sauti, kwa ajili ya ile habari ya ndege, nikitaka acheke. Hakucheka. Alisema, "Rudia pale pa nyumba." Nikarudia. Akaniuliza, "Mama wa nani aliyeondoka? Wa mteja, au wako?"

Nilikaa kitandani. Nikazitoa barua zako zote nikazisoma tena moja moja. Mtu wa heshima, nadhani. Nywele zimeanza kumkimbia, lakini si sana. Nimecheka, Baba, halafu nikalia, halafu nikacheka tena, mpaka mwenzangu akaniletea maji.

Nisamehe kwa yale ya ndege. Nisamehe zaidi kwa niliyoyasema juu ya mtu nisiyemjua.

Na kuna jingine. Bi Kifungu amenirudishia kazi yangu. Chini ameandika kwa wino mwekundu: "Umejibu vizuri sana swali ambalo hukuulizwa. Siku ya talaka hawa watu walikuwa wanaishi wapi?" Sikuuliza, Baba. Niliona nchi tatu nikapagawa, nikasahau kuuliza jambo la kwanza ambalo hata mtoto angeuliza. Usiniache kwenye hukumu hiyo. Kwa mara ya kwanza maishani naomba wewe ukate rufaa.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine iliyofungwa. Mpelekee mwalimu wa kuogelea. Usiifungue. Na usiseme umeipoteza, nitajua.

Binti yako

*

Bwawani, tarehe 10 Juni

Kwako Wakili,

Marahaba, mwanangu, ingawa umenipa shikamoo nyingi katika ukurasa mmoja hata nimejihisi bibi kizee. Barua yako nililetewa na baba yako. Alinikabidhi kama mtu anayekabidhi mzigo unaoweza kulipuka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama kusubiri uso wangu utasemaje.

Nianze na yeye, maana najua ndiyo habari unayoitaka. Hakukwambia kwamba anajifunza kuogelea? Hayo ndiyo mazoezi ya viungo aliyoshauriwa na daktari, na daktari ni mimi. Anaingia majini kama mtu anayeingia ofisini kwa mara ya kwanza, taratibu, akisalimia kila mtu. Juma la nne alielea. Alielea, mwanangu, macho yameelekea juu kwenye paa, na alitabasamu kwa namna ambayo sitaieleza vizuri hata nikijaribu.

Halafu akaacha kuja. Akatuma ujumbe kwamba ana kikohozi. Nilimfuata dukani nikamkuta akifuta lenzi iliyokwisha takata. Kikohozi sikukisikia. Akanieleza, bila kunitazama, kwamba binti yake amesoma, na akisema njia haipo basi haipo. Nikamwambia, "Amesoma vitabu. Mimi bado hajanisoma." Nikaondoka zangu, na kusema kweli niliondoka na hasira.

Kwa hiyo nakushukuru kwa kuuliza mwenyewe. Nakujibu kwa mpangilio wako.

Ndiyo, mimi na mume wangu wa zamani tulikuwa tunaishi katika ile nchi ya pili siku ya talaka, na tulikuwa tumeishi huko miaka mingi. Yeye alikuwa dereva wa kreni bandarini, mimi nikifundisha kuogelea katika shule ya wasichana. Nina vibali vya kazi na barua ya shule hiyo. Ndiyo, sote wawili tuliitwa mahakamani na sote tulisikilizwa. Tuliachana bila kutupiana maneno. Alikwisha oa, ana familia, na kila mwaka hunitumia salamu.

Umeniuliza pia, kwa adabu nyingi, kama kuna jambo lolote sijalisema. Lipo. Napenda kuimba ninapopika, na sauti yangu ni mbaya. Baba yako anajua. Amesema atavumilia.

Mwalimu wa kuogelea

*

Bweni la wanafunzi, tarehe 28 Juni

Kwenu nyote wawili, Baba na Mwalimu,

Shikamooni. Someni hii pamoja, na Baba asiruke mistari.

Mlango haujafungwa. Haukuwahi kufungwa. Msajili alikosea kitabu cha kutazama, na mimi nikakosea pamoja naye, tena kwa maneno makubwa kuliko yake. Yeye aliuliza nchi ya kusini inasema nini. Lakini ndoa inataka kufungwa kwetu, kwa hiyo kinachoulizwa ni sheria yetu inasema nini juu ya talaka ya nje. Nayo inauliza mambo mawili tu. Je, angalau mmoja wa wale wawili alikuwa na makazi yake ya kawaida katika nchi iliyotoa talaka? Na je, kila mmoja alipewa nafasi ya kusikilizwa? Jibu likiwa ndiyo kwa yote, talaka inatambuliwa hapa, hata kama vitabu vya kusini bado vimelala. Huko kusini nako kutahitaji kurekebishwa siku moja, nisiwafiche, lakini hilo halizuii ndoa yenu.

Mwalimu, andika kwa mahakama ile upate nakala ya hukumu yenye mhuri wao. Ipelekwe kwa mfasiri rasmi. Ambatanisha vibali vya kazi na barua ya shule. Nami nimeandika maelezo ya ukurasa mmoja kwa msajili. Vifungu vyote viko pale.

Maelezo hayo nilimpelekea Bi Kifungu kwanza. Aliyasoma mpaka mwisho bila kuuliza kifungu hata kimoja, akavua miwani, akasema, "Hii sasa ni kazi." Kisha akaniuliza mteja ni nani. Nikasema ni baba yangu. Akairudisha miwani machoni, akasema nimwambie mteja kwamba chuo kizima kinasubiri habari ya harusi yake.

Jambo la mwisho. Baba, najua umewaambia watu wote kwamba mimi ni wakili wa majokofu. Wiki hii tulitakiwa kuchagua mkondo wa mwaka ujao, nami nimejiandikisha kwenye mambo ya familia. Nilikuwa naogopa kukwambia. Lakini katika kesi ya majokofu nililala usingizi mzuri usiku wa kuamkia hukumu. Kwenye hii yenu sikulala, na kulipopambazuka nilitaka kuendelea.

Likizo yangu inaanza mwezi wa nane.

Wakili

*

Dukani, tarehe 14 Julai

Wakili wangu,

Marahaba kutoka kwetu sote.

Mwalimu alikuwa ameshaiandikia mahakama ile tangu ulipomuuliza, kwa hiyo karatasi zilifika mapema kuliko tulivyotegemea, mfasiri akafanya kazi yake, na juzi tumekwenda kwa msajili. Ni yuleyule. Mwalimu alivaa lile gauni la mara ya kwanza; alisema hawezi kulionea haya gauni kwa makosa ya mtu mwingine.

Msajili alisoma ukurasa wako. Akausoma tena kidole kikifuata mistari. Akatoka nao, tukasikia wanazungumza na mkubwa wake chumba cha pili, makabati yanafunguliwa, vitabu vinashushwa. Mimi nilikuwa nimeshika kiti. Mwalimu alikuwa ananiambia nivute pumzi kama alivyonifundisha.

Akarudi, akaketi, akaniuliza, "Nani aliandika hii?"

Nikasema, "Binti yangu."

"Ni wakili?"

"Bado kidogo."

Akasema, "Mwambie akimaliza asije kufungua ofisi jirani na mimi." Kisha akachukua mhuri. Tarehe tuliyopewa ni katikati ya mwezi wa nane, wewe ukiwa hapa.

Kuhusu majokofu, usiwe na wasiwasi. Wateja nimewaambia umepandishwa cheo.

Kuna neno moja nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii, na naona karatasi inakwisha. Umetueleza sheria inaonaje, tena vizuri. Lakini mwanangu, wewe mwenyewe hujasema unaonaje. Nyumba ile ni ya mama yako pia, na picha yake haitatoka ukutani. Mwalimu ndiye aliyelisema hilo kabla yangu. Sikuulizi kama mtu anayeomba ruhusa. Au labda naomba. Sijui baba anaombaje ruhusa kwa mtoto wake. Ndiyo maana nilimtuma mteja.

Baba yako

*

Nyumbani, tarehe 3 Septemba

Wakili wangu,

Marahaba. Umeondoka majuzi tu na tayari nina manung'uniko. Nayaandika sasa maana siku zile za likizo kila nilipofungua mdomo mlikuwa mnacheka wewe na Mwalimu.

Kwanza, barua yangu ya Julai hukuijibu. Ulifika, ukanikumbatia, ukala, ukaenda bwawani kunitazama nikiogelea, ukakesha na Mwalimu mkizungumzia mipaka ya nchi, na neno lile nililokuuliza hukuligusa. Nikasema moyoni, haya, mtoto ana heshima, anameza.

Pili, mambo ya pale ofisini. Umekaa mstari wa mbele na koti lako la majokofu. Msajili amesoma majina. Akauliza kama kuna mtu yeyote ndani ya chumba mwenye pingamizi juu ya ndoa hii. Mimi sikugeuka, nilijua hakuna. Halafu nikaona macho ya msajili yamenata nyuma yangu na uso wake umebadilika. Nikageuka. Umeinua mkono.

Mwanangu, nimeishi miaka mingi, nimezika, nimeugua, nimeelea majini. Sijawahi kuuogopa mkono wa mtu kama pale. Fundi viatu wa jirani, aliyekuja kuwa shahidi, aliniambia baadaye kwamba nilinyoosha mkono kutafuta ukingo wa bwawa.

Msajili akasema, "Wewe ndiwe uliyeandika ule ukurasa. Una pingamizi?"

Ukasimama. Ukasema, "Sina pingamizi lolote. Nakubali, kwa moyo wangu wote. Nilitaka tu iandikwe."

Karani akamtazama bosi wake, bosi akaitikia kwa kichwa, na karani akaandika. Niliiona kalamu ikienda. Kisha chumba kizima kikacheka, na msajili naye, na mimi nikashindwa kutamka yale maneno ya kiapo mpaka Mwalimu akanipigapiga mgongoni.

Ninachotaka kujua ni hiki: kwa nini hukuniandikia tu "nakubali" mwezi wa saba, ukanipunguzia ugonjwa wa moyo?

Baba yako

Mwanangu, usimsikilize. Kila mteja anayeingia anasimuliwa habari ya mkono ulioinuliwa, na kila siku unazidi kuwa mrefu. Leo asubuhi ulikuwa umegusa taa. — Mwalimu

*

Bweni la wanafunzi, tarehe 19 Septemba

Baba, na Mama Mwalimu,

Shikamooni.

Swali lako ni la haki, nami nakujibu kama nilivyofundishwa, na kifungu juu.

Barua ya Julai nilianza kuijibu mara nyingi. Kila nilipoandika "nakubali", ilionekana kama saini ya mtu aliyepokea kifurushi. Halafu nikaona heri ninyamaze, kwa kuwa ukimya wa mtoto huhesabiwa kukubali. Mwenzangu wa chumba alinishauri hivyohivyo. Lakini hapa tumejifunza jambo moja kuhusu ukimya. Katika mikataba, mtu akinyamaza, kila upande unaweza kuutafsiri ukimya wake upendavyo, na miaka ikipita watu hugombana kuhusu alichokuwa anafikiri. Nikakuona wewe, Baba, jinsi ulivyo. Ungekaa miaka kumi ukiutafsiri ukimya wangu vibaya. Kila nikichelewa kupiga simu ungesema labda hakupenda. Kila nikitazama picha ya mama ungeacha kula.

Na wale wanaosimama pale ofisini kwa kawaida ni wanaopinga. Anayekubali haulizwi, hukaa kwenye kiti chake akashika maua. Nikajiuliza ni nani aliyeamua hivyo. Nilitaka siku moja, kwenye kitabu cha serikali chenye mhuri, ionekane kwamba watu wawili walioana na kulikuwa na mtu chumbani aliyefurahi mpaka akashindwa kukaa.

Jana nilimweleza Bi Kifungu. Aliniuliza kama kuna sheria yoyote inayomruhusu mtu kuinua mkono ili akubali. Nikamwambia sijaiona. Akafikiri, kisha akasema nako hakujakatazwa.

Mwanenu